Mpaka wa Naftali

Ramani ile ilikuwa na nyangumi. Watoto wote tuliobatizwa katika kanisa la kijijini kwetu, mbele kidogo ya Kongwa, tulimjua nyangumi kabla ya kujua kitu kingine chochote kilichochorwa pale, maana alikuwa chini kushoto, usawa wa macho ya mtoto, kwenye bahari iliyojazwa vimistari vya mawimbi. Sisi ambao maji mengi kuliko yote tuliyowahi kuyaona yalikuwa ya bwawa la kunyweshea ng'ombe tulimkodolea macho wakati wa mahubiri hadi tukafinywa masikio. Juu yake palikuwa na jahazi lenye matanga mengi, na ndani ya nchi kavu mahema, ngamia, na wanaume wa ndevu walioshika fimbo. Juu kabisa watoto wawili wanene wenye mabawa walishika kitambaa chenye maneno ambayo hakuna mtu kijijini aliyeweza kuyasoma.

Nchi yenyewe ilikatwa vipande, na kila kipande kilikuwa na rangi yake iliyopakwa kwa mkono, waridi, kijani, njano, sasa zote zimefifia na kukaribiana. Hivyo vipande vilikuwa makabila ya Israeli. Yuda alikuwa chini, mkubwa kuliko wote. Ng'ambo ya Yordani walikaa Reubeni na Gadi. Juu, kando ya Bahari ya Galilaya, alikuwa Naftali, na Naftali ndio sisi.

Hapo inabidi nieleze, maana nimeshawahi kusema mbele ya watu wa mjini kwamba mimi ni Mnaftali na wakanitazama kwa huruma. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa mwinjilisti wa kwanza wa kijiji. Mmisionari aliyekuwa anaondoka alimwachia ramani hiyo pamoja na kengele na kiti kibovu. Babu alikuwa mtu wa mpango. Alipoitazama ramani aliona mto unaoshuka katikati, na kwetu pia kuna mto unaoshuka katikati, ingawa wetu hupata maji mvua zikinyesha tu, siku nyingine ni mchanga mtupu. Aliona ziwa juu ya mto, na kwetu juu ya mto kuna bwawa. Basi akakitandaza kijiji chote juu ya ramani. Nyumba za magharibi ya bwawa akaziita Naftali. Zilizofuata kusini, Zabuloni. Za ng'ambo ya mto, Gadi na Reubeni. Akaweka mabenchi kanisani kwa mpango huohuo, na zamu za kufagia, za kuchimba makaburi, za kukusanya uwele wa shukrani wakati wa mavuno, zote zikaenda kwa makabila. Wiki ya Asheri, Asheri wanachota maji. Ilikuwa njia nzuri ya kazi na bado nadhani hivyo.

Babu hakusema neno lolote kuhusu ndoa. Hilo waliliongeza watu wenyewe. Kwetu Ugogoni mtu haoi ndani ya ukoo wake, na kila ukoo una mwiko wake, hawa hawali moyo wa mnyama, wale hawagusi sijui nini. Watu wa aina hiyo ukiwapa ukoo mwingine, hata kama ni wa karatasi, watauongezea mwiko palepale bila kukuuliza. Kabla babu hajafa ilikuwa imeshakubalika kwamba watu wa benchi moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Serikali ilipokuja kutuhamisha wote tukapangwa kwenye mistari kando ya barabara, Gadi na Yuda wakawa majirani wa ukuta kwa ukuta, lakini kanisani kila mtu alirudi kwenye benchi la nyumba yake ya zamani. Nyumba zenyewe zilikuwa magofu. Mabenchi yakabaki.

Baba alirithi utunzaji wa ramani. Hakuwa mwinjilisti, alikuwa mzee wa kanisa na mfugaji, mtu wa maneno machache ambaye salamu yake tu ilikuwa inatosha kuwa mazungumzo. Kila Jumamosi alikifuta kioo cha ramani kwa kitambaa cha mama.

Mimi nilikwenda Dodoma mjini, nikajifunza kupiga chapa, nikapata kazi katika ofisi ya serikali. Hiyo ilikuwa miaka mambo yanaanza kulegea. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni, na ghafla kila kona ilikuwa na mtu anauza kitu, mitumba imetandazwa chini, redio za kaseti, sahani za plastiki zenye maua. Wakubwa walikuja wakati wa vikao vya Bunge na nyumba za wageni zikajaa. Ofisini tulikuwa bado tunapiga chapa kwa karatasi za kaboni na kungoja mshahara.

Huko ndiko nilikokutana na kijana wa kwetu. Nasema nilikutana naye ingawa nilimjua tangu utotoni, alikuwa anakaa mwisho wa benchi letu, upande wa dirisha. Kwao palikuwa kona ya kusini ya bwawa, kwetu kona ya kaskazini. Mjini alifanya kazi katika ofisi ya michoro ya viwanja. Alikuwa na kalamu za wino za unene mbalimbali ambazo hakumruhusu mtu kuzigusa, na mikono safi kuliko mwanamume yeyote niliyemjua. Jumapili alikuja Nkuhungu nilikopanga chumba, tukakaa kwenye vigoda nje, tukala karanga. Hakunichekesha sana wala mimi sikumchekesha. Ila akichelewa nilikuwa naona siku haiendi.

Tukakubaliana. Akatuma washenga kijijini, wajomba zake wawili. Baba aliwapokea, akawapa maji, akawasikiliza, halafu akasimama akawaongoza hadi kanisani. Mmoja wao ndiye aliyenisimulia. Baba aliweka kidole kwenye kioo, upande wa magharibi wa Galilaya.

"Hapa ndipo kwetu," alisema. Akashusha kidole kidogo. "Na hapa ndipo kwenu. Mnaiona rangi?"

"Tunaiona, mzee."

"Ni moja."

Wakaaga, wakaondoka.

Mwisho wa mwezi nilipanda gari nikaenda nyumbani. Baba alikuwa uani anatengeneza mpini wa jembe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaendelea kuchonga. Baada ya muda akasema washenga walikuja, na akanieleza alichowaambia. "Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia, baba."

Aliacha kuchonga akanitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko kawaida yake, nikadhani anapima kama nimeelewa. Nikasema tena nimesikia. Akarudia kazi yake. Mama alikuwa mlangoni na ungo mkononi, naye pia alikuwa amesimama, kisha akaingia ndani.

Nataka kusema nililia njiani kurudi mjini lakini sikulia. Nilihesabu milima. Nilipofika nilimweleza yule kijana naye akacheka kidogo kwa pua. Alisema ofisini kwao ni vivyo hivyo, nyumba ikiwa upande usiofaa wa mstari inaandikwa X nyekundu, na mwenye nyumba anaweza kulia mpaka akauke, mstari hausogei. Yeye ndiye aliyekuwa anaichora mistari hiyo. Ukimwambia ramani imesema hivi, kwake mazungumzo yamekwisha. Na mimi nilikuwa mtu wa ofisi pia. Nilishapiga chapa barua nyingi zinazoanza na tunasikitika kukujulisha, na sikuwahi kuona mtu aliyepokea moja akarudi kuuliza kama kweli tunasikitika.

Hatukugombana. Aliacha kuja Jumapili, kwanza moja moja, halafu zote. Nilikuwa naamka, naoga, nakwenda kazini, napiga chapa, narudi. Watu waliniambia nimenenepa. Ukiniuliza nilikuwa najisikiaje, nilikuwa sijisikii, na hata hilo nilikuja kuligundua baadaye. Mguu ukifa ganzi hujui mpaka ujaribu kusimama.

Krismasi ile nilikwenda nyumbani na mchele wa mjini. Nilikuta baba amechinja mbuzi, jambo lililonishangaza, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kuchinja kwa ajili ya sikukuu. Tulizoea kuku, na mwaka mbaya mlenda. Alikuwa mbuzi mzuri mwenye baka jeupe kifuani, nilikuwa nimemwona uani nilipokuja mara ile ya jembe, amefungwa peke yake, analishwa majani ya kukatiwa. Nilipewa ini kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Lilikuwa laini. Nilikula lote. Mama alisema tumbo linamsumbua, hakula nyama.

Baada ya hapo ofisi ikapunguza watu, nami nikapunguzwa. Walituita wote ukumbini, wakatupa karatasi. Wenzangu wawili walizimia. Mimi nilikunja karatasi nikaiweka kwenye mkoba, nikaenda sokoni kununua nyanya kwa sababu nilikuwa nimepanga kununua nyanya.

Nilianza kutengeneza fremu. Fundi mmoja wa Nkuhungu aliyekuwa anahamia Nzuguni aliniachia kibanda chake, msumeno wa kukatia pembe na kikata kioo, akanifundisha siku chache. Kazi ilikuwepo, maana vioo vilikuwa vinapatikana madukani na ghafla kila mtu alikuwa na kitu cha kutundika ukutani, vyeti, picha za harusi, Yesu akibisha hodi, maporomoko ya maji kutoka kalenda za nje. Kazi ya fremu inanifaa. Unapokea uso wa mtu, unaupima, unaukatia mbao, unaufunika kioo, unapiga misumari midogo kwa nyuma. Huulizwi maoni.

Na yeye alikuja. Hakujua ni kibanda changu, nadhani, maana alisimama mlangoni kidogo kabla ya kuingia. Alikuwa na picha ya harusi yake. Bibi harusi alikuwa mweupe wa sura, mwenye meno mazuri, wa kutoka Singida, alisema. Nikaipima picha. Nikamuuliza anataka mbao nyeusi au ya rangi yake. Akasema yoyote. Nikamwambia nyeusi itakaa vizuri na suti. Alipokuja kuichukua aliigeuza akatazama nyuma, jinsi misumari ilivyonyooka, akasema, "Kazi safi." Nikasema ahsante. Alipoondoka nilifagia vumbi la mbao na kufunga kibanda mapema, sijui kwa nini mapema.

Miaka ikaenda. Mdogo wangu wa mwisho alikuja mjini kusomea ualimu wa watoto wadogo, akawa anakaa kwangu. Ana sauti. Akiwa na njaa mtaa mzima unajua, akiwa na furaha anaimba huku anapiga mswaki. Akampenda kijana wa kwetu anayeuza vipuri vya baiskeli, na kijana huyo, kama unavyotarajia, alikuwa wa benchi letu. Washenga wakaenda. Baba akawapeleka kanisani, akaweka kidole kwenye kioo, ni rangi moja, wakaondoka.

Mdogo wangu alipopata habari alilala sakafuni kwangu siku mbili. Hakula. Aliniambia mimi nina bahati kwamba sina moyo. Hakusema kwa ubaya, alikuwa analia tu, na mimi nilikuwa namkatia kioo mteja, nikaendelea kukata. Lakini nililiweka neno lile mahali.

Wiki hizohizo alikuja padri mzee wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao baada ya kuishi huku maisha yake yote. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wabunge wengi. Aliniletea bahasha kubwa ya ramani za zamani, alitaka niziwekee kadibodi nyuma zisikunjike safarini. Nilipozitandaza mezani nikamwona nyangumi. Hakuwa yule wetu, huyu alikuwa anarusha maji na uso wake ulikuwa kama wa mbwa, lakini ilikuwa bahari ileile na nchi ileile. Zilikuwepo nne au tano. Moja ilionyesha watoto wa Nuhu walivyotawanyika duniani, Hamu akiwa juu ya Afrika na taji kichwani. Nyingine wana wa Israeli wakizunguka jangwani, mstari unazunguka na kujirudia kama njia ya mlevi. Na mbili zilikuwa za makabila.

Padri aliona ninavyozitazama. Akaniambia nipitishe kidole polepole pembezoni mwa karatasi. Nilisikia bonde dogo linaloizunguka picha yote. Akasema hiyo ni alama ya bamba la shaba. Mtu alikaa na kipande cha shaba, akachonga kila wimbi na kila unywele wa ngamia kwa ncha ya chuma, kinyumenyume, kisha akapaka wino, akakandamiza karatasi. Rangi zilipakwa baadaye na watu wengine, mara nyingi wanawake, kila mmoja na rangi yake, mmoja wa waridi anampasia wa kijani.

"Na alifika huko?" nilimuuliza. "Huyo aliyechonga."

"Hapana. Pengine hakuwahi kutoka mjini kwake. Alisoma Yoshua, akatazama ramani ya mwenzake, akakisia."

Nilitafuta Naftali kwenye ya kwanza. Alikuwa anateremka kando ya Galilaya mpaka mwisho wa maji, kama kwetu. Nikatafuta kwenye ya pili. Huku Naftali aliishia katikati ya ziwa, na kona yote ya kusini ilikuwa ya Zabuloni, rangi ya njano, hadi majini. Nilichukua rula ya kupimia fremu nikaiweka pale. Kona ya kusini ya bwawa. Nyumbani kwa yule wa kalamu za wino palikuwa kwenye njano. Nyumbani kwa huyu wa vipuri pia, maana walikuwa majirani.

Nilikaa na rula mkononi. Padri aliniuliza kama kuna tatizo, nikamwambia hapana, ninaangalia kipimo. Nilijaribu kukasirika. Nilimwazia yule mtu na kipande chake cha shaba, mahali penye baridi, akiamua asubuhi moja kupeleka ncha yake huku na si kule, na sikupata hata joto la kifua. Ramani hiyo ya pili ilikuwa imeliwa na wadudu upande mmoja. Nilimwomba padri aniuzie. Akasema hawezi kuuza kitu kilicholiwa, akanipa.

Mdogo wangu nilimwambia, "Amka uoge, tunakwenda nyumbani." Njiani alikuwa ameikumbatia ramani kifuani, imeviringishwa ndani ya gazeti, na kila tukiruka shimo alikuwa anaiangalia kama imepona.

Tulimkuta baba amezeeka kidogo zaidi ya mara ya mwisho. Shikamoo, marahaba. Mama akaleta maji, akaleta ugali na mlenda, tukala kwanza. Kisha nikaifungua ramani juu ya mkeka nikaikandamiza pembe kwa mawe. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimweleza baba habari za shaba, wino na kukisia. Nilimwonyesha mpaka. Nilisema kwa ramani hii kona ya kusini ni Zabuloni, kwa hiyo yule kijana si ndugu yetu, kwa hiyo naomba baba afikirie upya. Nilizungumza kama barua ya ofisini. Mdogo wangu hakungoja nimalize.

"Baba, mimi nitakwenda naye hata ukikataa," alisema, na machozi yalikuwa yameshaanza. "Nimesema. Nitakwenda naye."

Baba alivaa miwani. Aliinama juu ya ramani, akaiangalia kwa muda, akapita na kidole juu ya nyangumi.

"Huyu naye amechora vizuri," alisema. Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Nani amekuambia nimekataa?"

"Uliwaambia washenga ni rangi moja."

"Niliwaambia. Sasa si warudi? Mshenga akija mara ya kwanza anaambiwa kizuizi. Akirudi anauliza kinaondolewaje. Hapo ndipo anajibiwa." Alivua miwani. "Undugu wa benchi unakatwa kwa mbuzi. Baba yangu mwenyewe aliukata mara nyingi tu, ninyi hamjazaliwa. Mbuzi anatoka kwetu, wale wawili wanagawana ini mbele ya watu, basi, undugu umekwisha. Waambie wajomba wake waje Jumamosi."

Mdogo wangu aliacha kulia ghafla akabaki anamtazama. Halafu akaanza upya kulia, sasa kwa namna nyingine, akamkumbatia mama shingoni.

Mimi nilikuwa bado nimeshika jiwe la pembe ya ramani. Nilisikia sauti yangu inauliza, "Na mimi?"

Baba alinitazama vilevile alivyonitazama siku ile ya mpini.

"Wako walikuja mara moja," alisema. "Nikangoja. Nikakuuliza wewe, ukasema umesikia. Nikakungoja useme neno jingine, ukarudia umesikia. Nikajua humtaki. Nani amlazimishe binti aliyesoma?"

"Hukuniambia kuna mbuzi."

"Hilo baba halisemi. Linaulizwa." Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza njia. "Mwenzako umemsikia. Analia, anatukana, anasema atakwenda. Ndivyo mtu anavyojua."

Mama alikuwa bado ameshikwa shingoni na mdogo wangu. Alizungumza juu ya bega lake, bila kunitazama.

"Tulikuwa tumeshamtenga," alisema. "Mwenye baka jeupe. Baba yako alimkatia majani mwenyewe miezi yote ile. Hakuna aliyerudi, tukamchinja Krismasi."

Kuku walikuwa wanadonoa makombo ya ugali karibu na mkeka, nikawafukuza wasikanyage ramani. Niliumia hapo. Nasema wazi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi na nilikuwa nimesahau inakaa upande gani wa mwili. Ilikuja, ikakaa kidogo, nikaona inaondoka tena, sikuizuia. Nikaviringisha ramani ndani ya gazeti.

Jumamosi wajomba walikuja. Baba aliwauliza wanataka nini, wakasema wamekuja kuuliza kizuizi kinaondolewaje, akawajibu. Mbuzi alichinjwa nyuma ya kanisa. Wazee wa kila benchi walisimama, Yuda, Asheri, Gadi, na ini likachomwa likawekwa kwenye sinia. Nilipewa mimi kulishika sinia, kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa. Baba akalikata ini katikati kwa kisu chake. Kijana wa vipuri alichukua nusu yake. Mdogo wangu alichukua yake, akatafuna akicheka na mafuta kidevuni, watu wakapiga vigelegele.

Halafu akamega kipande kidogo kwenye nusu yake, akaninyooshea.

"Dada, kula."

Nilimwambia nimeshiba.